Mpwa Wangu Amesaini Mkataba Mkubwa: Je, Jamii Inamdai Nini?

"Mwalimu, salaam. Naandika kutoka Columbus, Ohio. Dada yangu alitoka kambi ya Nyarugusu mwaka 2009 akiwa na watoto wanne, na mdogo wao, ambaye sasa ana miaka 21, amesaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika mpira wa kikapu. Tangu habari hizo zitoke, simu hazipumziki. Kanisa linataka jengo, jumuiya ya Wakongo inataka ukumbi, na ndugu walioko Kigoma na Uvira wanatuma namba za akaunti. Hayo nayaelewa. Kilichonichanganya ni kingine. Kampuni moja ya mavazi imempa mkataba wa matangazo, na wiki hiyohiyo kijana mmoja Mweusi wa mtaani kwetu akasema kwamba walinzi wa duka la kampuni hiyo walimzuia na kumpekua bila sababu. Sasa vijana wanamtukana mpwa wangu mtandaoni kwamba ameuza watu wake. Wakala wake anamwambia anyamaze, afungue taasisi ya hisani yenye jina lake, na kwamba taasisi hiyo itampunguzia kodi. Mama yake anasema mwanawe hana deni kwa mtu yeyote isipokuwa Mungu. Je, mtu Mweusi aliyefanikiwa ana wajibu wa kweli kwa jamii yake, au ni wivu wa watu tu? Wakubwa kama Jay-Z, LeBron na Jordan walifanyaje? Na sisi tuanzie wapi?"

Ndugu yangu, pokea hongera zangu na uzifikishe kwa dada yako. Kumtoa mtoto Nyarugusu hadi kwenye mkataba wa kulipwa si jambo dogo, na ninaona katika barua yako kwamba hamkupewa hata wiki moja ya kuionja furaha hiyo kabla ya madai kuanza kumiminika. Kwa miaka 18 nimekuwa nikikagua hesabu za taasisi za hisani hapa Marekani, baadhi ya hizo zikiwa za wanamichezo na wanamuziki, kwa hiyo nitajibu kwa upande ninaoufahamu: jinsi fedha zinavyotembea, jinsi mikataba inavyosomeka, na kile kinachobaki miaka kumi baada ya picha za uzinduzi kupigwa. Swali la duka na walinzi nitalikalia zaidi kuliko mengine, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo zito, hata kuliko jengo la kanisa na ukumbi wa jumuiya.

Nianze na dada yako, kwa sababu ana hoja. Hakuna sheria inayomlazimisha tajiri Mweusi kutoa hata senti moja zaidi ya kodi, na wale wanaozungumza kana kwamba mastaa wangeweza kuondoa umaskini wa Wamarekani Weusi kama wangetaka tu, hawajakaa na kalamu wakapiga hesabu. Wamarekani Weusi ni takribani milioni 48. Chukua bilionea mmoja, umnyang'anye dola bilioni 1 nzima, uwagawie wote sawasawa, na kila mmoja atapata kama dola 21, ambazo hazijazi tangi la gari. Takwimu za benki kuu ya Marekani za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba familia ya Kizungu iliyo katikati kabisa, ukizipanga zote kuanzia maskini hadi tajiri, ilikuwa na mali ya dola 285,000, na familia ya Weusi iliyo katikati ilikuwa na dola 44,900. Pengo hilo lilichimbwa kwa miongo mingi, na sehemu yake kubwa ilichimbwa na mabenki na vyombo vya serikali vilivyowanyima Weusi mikopo ya nyumba tangu miaka ya 1930, wakati nyumba ndiyo iliyokuwa njia ya mfanyakazi wa kawaida kujiwekea mali na kuwarithisha wanawe. Wacheza mpira hawawezi kulifukia. Tena kuna jambo linaloniudhi kidogo: tajiri wa Kizungu akifungua kiwanda cha bia, hakuna anayemfuata kumuuliza amewafanyia nini Wazungu wenzake.

Hata hivyo, kusema kwamba mpwa wako hana deni kwa mtu yeyote ni kukosea kwa upande wa pili, na hapa naomba unifuate polepole. Jiulize kampuni ile ya mavazi imenunua nini kwake. Haikununua urefu wake wala ustadi wake wa kutupia mpira kapuni, maana hivyo vimenunuliwa na timu. Kampuni imenunua imani ambayo vijana wa mitaa kama ya kwenu wanayo kwa mtu aliyetoka kwao, ili imani hiyo ihame kutoka kwake iingie kwenye nembo ya nguo. Mcheza kwao hutunzwa, na mpwa wako ametunzwa kweli: watu walijaza viwanja vya shule kumtazama kabla hajawa na jina, wakasambaza video zake, wakamtaja kama mtoto wao. Jina lake, kwa hiyo, ni mtaji alioujenga kwa ubia na watu wengine, ingawa hakuna hati inayosema hivyo. Anapomsaidia mgonjwa Uvira, anatoa cha kwake, na kiasi ni hiari yake. Anapokodisha jina, anakodisha kitu ambacho wengine wana sehemu ndani yake, na kwa sababu hiyo wajibu wake unambana zaidi kwenye mikataba ya matangazo kuliko kwenye sadaka. Watu wengi, pamoja na mastaa wenyewe, huligeuza jambo hili juu chini: huuza jina bila kuuliza, kisha hujaribu kusawazisha kwa kutoa misaada.

Lililompata mpwa wako limewahi kumpata mtu mkubwa kuliko yeye, karibu kwa sura ileile. Mwezi Oktoba 2013 wateja wawili Weusi wa duka la kifahari la Barneys, New York, walisema kwamba walisimamishwa na polisi baada ya kununua vitu vya bei kubwa, kana kwamba mtu Mweusi hawezi kuwa na mkanda au mkoba wa gharama isipokuwa kwa wizi. Wakati huohuo Jay-Z, mwanamuziki wa rap aliyekulia katika nyumba za serikali za Marcy, Brooklyn, alikuwa amekwisha kukubaliana na duka hilo kuuza mkusanyiko wa bidhaa za msimu wa sikukuu, na sehemu ya mapato ilikuwa iende kwenye taasisi yake ya ufadhili wa masomo aliyoianzisha na mama yake mwaka 2003. Watu wakakusanya saini kumtaka ajitoe. Hakujitoa. Alisema hataki kuhukumu kabla ya kujua ukweli, na mwezi Novemba akatangaza kwamba ataendelea kwa masharti mapya: mapato yote ya mkusanyiko huo, badala ya robo ya mauzo iliyotajwa mwanzoni, yaende kwenye taasisi, na yeye awe na nafasi katika baraza la kushughulikia ubaguzi dhidi ya wateja. Mwaka uliofuata mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alifikia makubaliano na Barneys, duka likalipa dola 525,000 na kukubali kuajiri mshauri wa kuzuia ubaguzi huo.

Wapo walioona kwamba Jay-Z alifanya ujanja, na wapo walioona kwamba alitumia nafasi yake vizuri. Mimi nikilitazama kama mkaguzi naona jambo moja ambalo wote wawili hulipita: kilicholazimisha duka kubadilika kwa maandishi, kwa faini na kwa usimamizi, ni ofisi ya umma yenye mamlaka ya kuchunguza, iliyoanza kazi kwa sababu wateja wale walisema hadharani. Alichokuwa nacho Jay-Z ni wakati. Katika wiki zile chache kabla ya sikukuu, duka lilimhitaji yeye kuliko yeye alivyolihitaji, na huo ndio wakati ambao mtu mwenye jina anaweza kupata masharti ambayo hatayapata tena. Aliyapata baadhi. Mpwa wako naye yuko ndani ya wiki hizohizo hivi sasa, na kila siku anayokaa kimya kwa ushauri wa wakala inapunguza uzito wa neno lake.

Miaka sita baadaye Jay-Z aliingia kwenye jaribio gumu zaidi. Mwaka 2016 Colin Kaepernick, aliyekuwa akichezea San Francisco 49ers katika NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, alikataa kusimama wakati wa wimbo wa taifa, kwanza kwa kukaa na kisha kwa kupiga goti, akipinga mauaji ya Weusi mikononi mwa polisi. Baada ya msimu huo hakuna timu ya NFL iliyomwajiri, akaishtaki ligi, na shauri lao likamalizwa kwa makubaliano ya siri mwezi Februari 2019. Agosti ya mwaka huohuo kampuni ya Jay-Z, Roc Nation, ikatangaza ubia na NFL wa kushauri kuhusu burudani, pamoja na onyesho la mapumziko la Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, na kuhusu mpango wa ligi hiyo wa haki za kijamii. Alipoulizwa, akasema kwamba wakati wa kupiga goti umepita na sasa ni wakati wa vitendo. Ninakiri kwamba jibu hilo halikunipendeza, kwa sababu aliyekuwa na haki ya kusema wakati wa kupiga goti umepita ni yule aliyepoteza kazi kwa kupiga goti, na hakuwa mezani. Lakini hesabu nazo zisemwe. Mwaka 2020 ligi iliongeza ahadi yake kwa programu za kijamii hadi dola milioni 250 kwa miaka kumi, na tangu ubia huo wasanii Weusi wameshika onyesho lile la Super Bowl kwa namna ambayo haikuwapo kabla. Je, fedha hizo zilitokana na Jay-Z kuwa ndani, au na maandamano ya 2020 ya kupinga ukatili wa polisi, yaliyokuwa nje? Kwa uzoefu wangu, shirika kubwa halifungui mkono kwa sababu ya rafiki aliye ndani peke yake, wala kwa sababu ya kelele za nje peke yake. Aliye ndani anaweza kuomba kwa sababu walio nje wanapiga kelele. Tatizo huanza pale aliye ndani anapowageukia walio nje na kuwaambia wanyamaze.

Kuhusu Michael Jordan, nyota wa zamani wa kikapu, vijana wenu wa mtandaoni bila shaka wameshamtaja. Mwaka 1990 Harvey Gantt, Mweusi wa kwanza kuwa meya wa Charlotte, aligombea useneta wa North Carolina dhidi ya Jesse Helms wa chama cha Republican, mtu aliyewahi kupinga bungeni siku ya mapumziko ya Martin Luther King. Jordan, aliyekulia katika jimbo hilo, hakukubali kumuunga mkono Gantt hadharani, na ikasambaa kauli yake kwamba hata Warepublican hununua raba. Miaka 30 baadaye alieleza kwamba aliisema kwa mzaha akiwa na wachezaji wenzake ndani ya basi, na kwamba alimtumia Gantt mchango wa fedha. Mwezi Juni 2020 yeye na kampuni ya viatu yenye jina lake wakaahidi dola milioni 100 kwa miaka kumi kwa ajili ya usawa na elimu. Fedha ni nyingi, wala sizibezi, lakini mzaha ule wa ndani ya basi bado unatajwa kila mastaa wanapojadiliwa, na mchango aliomtumia Gantt karibu hakuna anayeukumbuka.

Sasa nirudi kwa mpwa wako. Simshauri avunje mkataba kesho, kwa sababu hujui bado kilichotokea dukani, na kijana yule wa mtaani anastahili kusikilizwa na mtu kabla ya kutumiwa kama hoja. Aanze kwa kumtembelea nyumbani kwao, bila kamera, akiwa na wewe mjomba au mzee mwingine, amsikilize hadi mwisho. Kisha aiandikie kampuni barua rasmi, kupitia mwanasheria wake, akiuliza tukio lilikuwaje, picha za kamera za dukani zinaonyesha nini, na walinzi wale wanafundishwa na nani. Barua ya namna hiyo kutoka kwa balozi wa bidhaa haitupwi. Wakala wake anaogopa kipengele cha maadili, ambacho huiruhusu kampuni kuvunja mkataba iwapo balozi ataiharibia sifa, na hofu hiyo si ya bure. Ila kuna kinyume chake ambacho mawakala wachache hukiomba: kipengele kinachomruhusu balozi naye kujitoa, akiwa na malipo yake, iwapo kampuni itapatikana na hatia ya ubaguzi. Mkataba wa kwanza huenda umeshampita. Wa pili usimpite.

Kuhusu taasisi yenye jina lake, wakala amesema nusu ya ukweli. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya serikali kuu ni asilimia 37. Maana yake ni kwamba akitoa dola 1, nafuu ya kodi ya serikali kuu haiwezi kuzidi senti 37 (kuanzia mwaka wa kodi 2026, senti 35), na senti zinazobaki zimetoka mfukoni mwake kweli. Hakuna mtu anayetajirika kwa kutoa sadaka halali, na anayekwambia vinginevyo ama hajui hesabu ama anakuonyesha njia ya kufungwa. Taasisi binafsi ya hisani hapa Marekani hubeba masharti ambayo kijana wa miaka 21 hawezi kuyasimamia akiwa safarini miezi minane kwa mwaka: inapaswa kutoa kila mwaka takribani asilimia 5 ya mali yake, hulipa kodi ndogo kwa faida ya uwekezaji, huwasilisha taarifa za hesabu ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, na hairuhusiwi kuwanufaisha waanzilishi na jamaa zao, isipokuwa malipo ya haki kwa kazi iliyofanywa kweli. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu katika familia zetu mtu wa kwanza kuajiriwa huwa binamu. Taasisi ya mwanamuziki Wyclef Jean, Yéle Haiti, ilikusanya takribani dola milioni 16 mwaka 2010 baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, na kufikia 2012 ilikuwa imefungwa ikiwa na madeni, huku ukaguzi wa hesabu ukikuta malipo yasiyostahili kwa watu waliokuwa ndani yake. Mimi mwenyewe niliwahi kukagua taasisi moja ya mwanamichezo, ambayo sitaitaja, iliyotumia fedha nyingi zaidi kwa chakula cha jioni cha kuchangisha ufadhili wa masomo kuliko zilizowafikia wanafunzi mwaka ule. Hakuna aliyeiba, kila risiti ilikuwapo. Walikuwa wamesahau tu kilichowakutanisha.

Lipo jambo la Kigoma na Uvira ambalo wakala pengine hakulitaja. Fedha anazomtumia ndugu, hata kama ni za dawa au ada ya shule, hazihesabiwi kama sadaka mbele ya kodi ya Marekani. Hata shirika la hisani lililosajiliwa Tanzania au Kongo, akilitumia moja kwa moja, kwa kawaida hapati nafuu yoyote. Fedha zinapaswa kupitia shirika lililosajiliwa Marekani ambalo lina mamlaka halisi juu ya matumizi yake. Simaanishi asitume. Namaanisha asitume akidhani serikali inamrudishia sehemu.

Kwa upande wa kujenga, mifano miwili inatosha. LeBron James, nyota wa kikapu, alifungua shule ya I Promise mjini kwao Akron, huko huko Ohio kwenu, mwezi Julai 2018. Wengi hudhani ni shule yake binafsi. Ni shule ya umma ya wilaya ya Akron, walimu wake wanalipwa kwa fedha za umma, na taasisi yake huongeza yale ambayo bajeti ya wilaya haifiki, kama chakula cha familia na huduma kwa wazazi. Iliwachukua kwa makusudi watoto waliokuwa nyuma kabisa katika kusoma. Mwaka 2023 bodi ya shule ya wilaya iliambiwa kwamba katika kundi la wanafunzi waliokuwa wakiingia darasa la nane hakuna hata mmoja aliyefaulu mtihani wa hesabu wa jimbo tangu darasa la tatu. Watu wakamcheka LeBron. Mimi sikucheka, kwa sababu tuliyajua matokeo hayo kutokana na shule kuwa ya umma, yenye bodi inayoulizwa maswali hadharani. Miradi mingi ya mastaa hufeli kimya kwa sababu hakuna anayepima. Kumfundisha hesabu mtoto aliyeachwa nyuma miaka mitatu ni kazi ngumu kuliko kumnunulia baiskeli, na pale Akron angalau ugumu huo umewekwa mezani.

Mfano wa pili ni wa kwenu zaidi. Dikembe Mutombo, mcheza kikapu mzaliwa wa Kinshasa, aliyefariki Septemba 2024, alimpoteza mama yake katika miaka ya vita, wakati mji ulipokuwa umefungwa na hakuweza kufikishwa hospitali. Alijenga huko Kinshasa hospitali ya vitanda 300 yenye jina la mama huyo, Biamba Marie Mutombo, kwa gharama ya takribani dola milioni 29, karibu nusu ikitoka mfukoni mwake. Ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Angalia muda: taasisi yake aliianzisha 1997. Miaka kumi yote ilipita katika kutafuta ardhi, wachangiaji na watu wa kuiendesha, na Mutombo alikuwa mchezaji mwenye mshahara mkubwa mara nyingi kuliko wa mpwa wako. Jengo, ndugu yangu, ni sehemu rahisi. Ukumbi unaoombwa na jumuiya utahitaji bima, gharama ya kupasha joto wakati wa baridi ya Ohio, kodi na mlinzi kila mwezi, mwaka hadi mwaka, hata baada ya goti la mpwa wako kuumia. Wanaouomba waje na bajeti ya kuuendesha miaka mitano bila yeye, kisha mzungumze.

Umetaja wivu. Upo, lakini nisingependa mpwa wako ajifunze kuita kila dai wivu, kwa sababu kuna kizazi cha mastaa Weusi kilichobeba mzigo huu kwa namna iliyotufikia hadi sisi wa Afrika Mashariki. Jackie Robinson, Mweusi wa kwanza katika karne ya 20 kucheza ligi kuu ya besiboli, mwaka 1947, alipostaafu aliingia kwenye biashara, akawa makamu wa rais wa kampuni moja ya kahawa. Mwaka 1959 yeye, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia saini barua ya kuomba michango ili wanafunzi ambao Tom Mboya alikuwa amewatafutia nafasi za masomo Marekani wapate nauli. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 wakapanda ndege kutoka Nairobi, na hadi 1963 wakawa takribani 800. Wangari Maathai alisafiri katika kundi la 1960. Hakuna mmoja kati ya mastaa wale watatu aliyeandikwa jina lake kwenye jengo kwa sababu ya nauli hizo. Belafonte huyohuyo ndiye aliyemlaumu Jay-Z mwaka 2012 kwamba kizazi chake kimeupa mgongo wajibu wa kijamii, na Jay-Z akajibu kwamba kuwapo kwake tu ni hisani. Walicheka waliosikia, lakini kuna chembe ya kweli humo, maana mtoto wa Marcy anapomwona mtu wa Marcy akimiliki kampuni, kitu fulani hubadilika kichwani mwake. Kosa ni kudhani kwamba kitu hicho kinalipa ada.

Robinson hakuishia kwenye nauli. Mwaka 1964 alisaidia kuanzisha Freedom National Bank huko Harlem, ili Weusi walionyimwa mikopo na mabenki mengine wapate mahali pa kukopa. Benki iliendelea hata baada ya yeye kufariki mwaka 1972, kisha ikafungwa na wasimamizi wa serikali mwaka 1990. Benki inayowakopesha watu wasio na akiba katika mtaa ambao thamani ya nyumba zake imeshushwa hubeba hatari kubwa kuliko wenzake, na jina la mwanzilishi haliwezi kuipunguza. Magic Johnson, nyota wa zamani wa kikapu, alichagua njia isiyo na hatari hiyo: kuanzia 1995 alifungua majumba ya sinema, na kuanzia 1998 migahawa ya kahawa ya Starbucks, katika mitaa ya Weusi ambayo kampuni kubwa ziliikimbia, kwa ubia na kampuni zenyewe, akithibitisha kwamba wateja wapo na fedha wanazo. Alipata faida, mitaa ikapata ajira. Mwaka 2010 aliuza sehemu yake ya migahawa ile kwa Starbucks, na umiliki ukarudi ulikotoka. Simlaumu, kwa sababu biashara ni biashara, ila mtu asiuite umiliki wa jamii kile ambacho jamii haikuwa na hisa ndani yake. Mwana wa Jackie Robinson, David, aliishia Tanzania, Mbozi, ambako tangu miaka ya 1980 ameishi na kulima kahawa pamoja na wakulima wadogo wa huko na kuitafutia soko Marekani. Ni kazi ndogo ukiilinganisha na bilioni za Jay-Z, lakini mkulima wa Mbozi anauza kahawa yake mwenyewe.

Kwa hiyo tuanzie wapi? Kwanza fahamuni kilichopo kweli. Kama ni NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, wakala anaweza kuchukua hadi asilimia 4, asilimia 10 ya mshahara huzuiliwa kwa muda, na majimbo mengi hutoza kodi kwa kila mechi inayochezwa ndani yake, kwa hiyo mtu aliyetangazwa kuwa na milioni hushika karibu nusu. Katika hicho kinachobaki atenge fungu la familia, kiasi kilichoamuliwa mara moja kwa mwaka na kukabidhiwa kwako au kwa mzee mwingine asiyeogopa kusema hapana, ili kijana asiwe yeye anayewakatalia shangazi zake kwa simu usiku kabla ya mechi. Kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo asifungue taasisi. Achangie shirika ambalo tayari linafanya kazi Columbus au Kigoma, lenye hesabu mnazoweza kuzisoma, na aombe kukaa kwenye vikao vyake ili ajifunze. Kanisa apewe zaka yake kama muumini mwingine yeyote, jengo lisubiri.

Yapo mambo ambayo barua hii haiwezi kuyamaliza. Kabla hajatia saini chochote kingine, mkataba wa matangazo usomwe na mwanasheria ambaye halipwi na wakala wala hakupendekezwa naye, na kodi zake ziandaliwe na mhasibu aliyesajiliwa mwenye uzoefu wa wanamichezo wanaocheza katika majimbo mengi. Chama cha wachezaji huwasaidia vijana wapya kuwapata watu hao. Mtu yeyote akimwomba asaini hati inayompa mwingine mamlaka juu ya akaunti zake, hata akiwa ndugu wa damu, hati hiyo iende kwa mwanasheria siku hiyohiyo. Kijana yule aliyepekuliwa dukani naye ana haki ya kulalamika kwenye tume ya haki za kiraia ya jimbo la Ohio, ambayo hupokea malalamiko ya ubaguzi katika maduka bila malipo, lakini muda wa kulalamika una kikomo, kwa hiyo mtakapomtembelea mwambieni hilo kwanza, kabla ya kumweleza jinsi mpwa wako anavyojisikia.